CD ya nyimbo imegoma? Tafuta kosa kabla hujachoma nyingine

CD uliyoichoma nyumbani ikikataa kwenye redio ya gari, usikimbilie kuchoma ya pili. Ukirudia vilevile utapata kosa lilelile, na CD-R haifutiki, ikiharibika imeharibika. Jiulize kwanza imekataa wapi. Je, redio haiioni kabisa? Inaiona lakini haichezi? Au inacheza nyimbo sita safi, halafu ya saba inaanza kukwaruza? Kila jibu linakupeleka kwenye chanzo tofauti, na ukisikiliza vizuri CD yenyewe itakuonyesha pa kuanzia.

Mwongozo huu ni kwa anayechoma nyimbo zake au za kwaya yake, au ambazo mwenye nyimbo amemruhusu. Mfano tunaoutumia ni wa kawaida huku kwetu: kwaya imerekodi nyimbo kumi, katibu anataka kopi hamsini kwa ajili ya sikukuu ya usharika, na wengi wa watakaonunua watazichezea kwenye deki ya sebuleni au kwenye gari ambalo redio yake haina hata tundu la flashi.

Kwanza, ni CD gani uliyonunua?

Makosa mengi huanzia dukani. Ukiomba "CD tupu" unaweza kupewa moja kati ya vitu vitatu: CD-R, CD-RW au DVD-R. Vyote vina upana uleule wa sentimeta 12, na kwa macho ya haraka vinafanana. Soma maandishi yaliyochapwa juu. CD-R ya kawaida imeandikwa 700 MB na dakika 80. Ukiona 4.7 GB, hiyo ni DVD, na redio ya gari ya CD haitaisoma hata ukiichoma mara kumi. Kwa upande wa chini, DVD-R nyingi huelekea zambarau, wakati CD-R huelekea kijani, buluu au dhahabu kidogo.

CD-RW ndiyo inayodanganya watu wengi. Inafutika, kwa hiyo inaonekana kama akili ya kubana matumizi. Shida ni kwamba inarudisha mwanga wa leza kidogo mno ukilinganisha na CD-R. Deki mpya zinavumilia, redio za zamani hazivumilii. Zinazungusha, zinatafuta, zinaandika hakuna CD. Tumia CD-RW kwa majaribio nyumbani tu. Kopi ya kumpa mtu iwe CD-R.

Na draivu, yaani kile kifaa cha kompyuta unachoingizia CD? Iliyoandikwa DVD-ROM au CD-ROM inasoma tu, haichomi. DVD Writer inachoma DVD na CD pia, kwa hiyo usitafute draivu ya CD peke yake.

CD ya muziki na CD ya mafaili ni vitu viwili

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko pengine popote. Mtu anaburuta MP3 zake, anazichoma, kwenye kompyuta zinacheza vizuri, akizipeleka kwenye gari kimya. Hakuna kilichoharibika. Amechoma CD ya mafaili, na redio yake inajua CD ya muziki tu.

CD ya muziki haina MP3 ndani. Programu inaifungua kila MP3 na kuandika sauti ghafi: vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Sauti ya namna hiyo hula takribani MB 10 kwa kila dakika. Ndiyo maana wimbo wa dakika tano unaochukua MB 5 kwenye flashi unachukua kama MB 50 kwenye CD, na ndiyo maana CD inajaa kwa nyimbo 16 wakati flashi ndogo inabeba mia. Kinachohesabiwa ni dakika, si MB. CD ya mafaili ya MP3 za kiwango cha 128 kbps, kwa upande mwingine, inabeba zaidi ya saa 12, lakini inahitaji redio yenye alama ya MP3 usoni.

Windows nayo ina mtego wake. Ukiingiza CD tupu inakuuliza unataka kuitumiaje: kama flashi, au kwa deki ya CD na DVD. Ukichagua kama flashi, CD inaandikwa kwa mpangilio ambao kompyuta inauelewa na deki nyingi haziuelewi. Funga dirisha hilo, kisha ufungue programu ya kuchomea moja kwa moja.

Namna ya kuichoma

1. Nakili nyimbo zote kwenye folda moja ndani ya kompyuta. Usichome kutoka kwenye flashi wala kutoka kwenye simu iliyochomekwa kwa waya. Waya ukicheza kidogo, kazi inakatika katikati. Zipe majina yanayoanza na 01, 02, 03, ili mpangilio usivurugike.

2. Jumlisha dakika. CD inabeba 80, lakini ishia 75, au 78 ukibanwa sana. Sababu tutaiona mbele. Nyimbo kumi za dakika tano ni 50, huna wasiwasi.

3. Nyimbo zilizotoka kwenye simu au WhatsApp zipitishe kwanza Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Nyingi huwa M4A, Opus au AMR, na programu za kuchomea huzikataa au huzifungua kwa kasi mbaya. Audacity ikigoma kuzifungua, iongezee FFmpeg, nyongeza ya bure inayofungua aina nyingi za mafaili ya sauti. Zitoe kama WAV, 44100 Hz, biti 16, stirio. Faili ikiandikwa MP3 na bado inakataliwa na kila programu, huenda mtu alibadilisha jina tu. Ndani bado ni M4A.

4. Ingiza CD-R, na katika programu chagua CD ya muziki. Kwenye Windows Media Player ya zamani ni "Audio CD" katika ukurasa wa "Burn". CDBurnerXP na ImgBurn ni za bure kwenye Windows. Kwenye Linux kuna K3b na Brasero.

5. Weka kasi ya 16x au 24x, yaani mara 16 au 24 ya mwendo wa kusikiliza. Usiiachie programu ichague kasi ya juu kabisa.

6. Chagua kuandika CD nzima kwa mkupuo mmoja, yaani "Disc-at-once", na uhakikishe chaguo la kuifunga CD mwishoni, yaani kuikamilisha ili deki iweze kuisoma, limewekewa alama.

7. Zima mpango wa kompyuta kulala, chomeka chaja, funga kivinjari, kisha bonyeza. Usiiguse meza.

8. Ijaribu kwenye deki au redio, si kwenye kompyuta iliyoichoma. Sikiliza mwanzo wa wimbo wa kwanza, wimbo wa katikati, na dakika ya mwisho ya wimbo wa mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote.

Kuhusu kasi, kuna imani kwamba ukichoma taratibu kabisa, 1x au 4x, ndiyo bora zaidi. Ilikuwa na ukweli wake zamani. CD-R za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi ya 48x au 52x, na rangi yake ya ndani, ile inayochomwa wakati wa kuandika, haifurahii leza inayokaa juu yake muda mrefu. Ukienda polepole mno matokeo yanaweza kuwa mabaya kuliko 16x. Kwa 16x CD iliyojaa inachukua kama dakika tano na kidogo. Kwa 48x ni kama tatu. Dakika mbili hizo ndizo zinazokuletea mkwaruzo, na hakuna mnunuzi atakayekushukuru kwa kuziokoa.

Inasimama katikati

Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani inachoma, CD hiyo umeipoteza. Hakuna namna ya kuendelea ilipoishia. Kama mtaani kwenu umeme unayumba, chomea kwenye laptopu yenye betri inayoshika chaji, au weka UPS.

Ikisimama bila umeme kukatika na ujumbe ukataja "buffer", maana yake draivu iliishiwa nyimbo za kuandika kwa sababu kompyuta ilichelewa kuzileta. Draivu nyingi zina kinga ya hali hii na huweza kusubiri, ila kwenye mashine chovu punguza kasi, funga programu nyingine, na urudi hatua ya kwanza uone kama kweli nyimbo ziko kwenye diski ya kompyuta.

Draivu ya nje ya USB ina ugonjwa wake. Inasoma CD vizuri, lakini ukibonyeza kuchoma inalia tik, tik, halafu inatoweka kwenye skrini. Hiyo ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na mota ikishirikiana na leza ya kuchomea inaweza kutaka zaidi. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, chomeka vyote. Kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, si ya mbele. Usiichomeke kupitia kigawanyio kisicho na chaja yake.

Ujumbe wa "power calibration" ni habari nyingine. Kabla ya kuandika, draivu hujaribu nguvu ya leza kwenye eneo dogo karibu na kitovu cha CD. Ikishindwa kupata kipimo kinachofaa, inakataa kuanza. Jaribu CD-R ya jina jingine kwa 16x. Ikikataa, safisha lenzi. Ikikataa CD za majina matatu tofauti baada ya lenzi kusafishwa, leza imechoka, na kuitengeneza hakulipi. Nunua draivu nyingine.

Baridi, vumbi na moshi wa jiko

Huku Nyanda za Juu Kusini tuna matatizo ambayo mwongozo uliokuja na draivu hauyataji. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe, Makete, Mufindi na hata Uyole, asubuhi ni ya kuvaa koti zito. Draivu iliyolala kwenye gari au stoo inakuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Ukiiingiza kwenye chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, unyevu wa hewa unaganda juu ya lenzi kama unavyoganda kwenye miwani ya mtu anayeingia jikoni. Leza haipiti vizuri kwenye ukungu. Draivu itasema hakuna CD, au itachoma na kutoa CD yenye makosa toka mwanzo hadi mwisho. Dawa ni saa moja ya subira, draivu ikiwa bado ndani ya begi lililofungwa ili ipate joto polepole. CD tupu nazo zifanyie hivyohivyo.

Kiangazi, hasa ukielekea Mbarali au mtaa wowote ulio kando ya barabara ya vumbi, adui ni lile vumbi jekundu laini. Moshi wa mkaa na wa koroboi ni mbaya zaidi, kwa sababu unaacha utando wa mafuta unaoshika vumbi. Usichomee CD chumba kimoja na jiko.

Draivu nyembamba ya laptopu au ya nje lenzi yake inatokeza pamoja na trei. Ni kile kijicho kidogo cha bluu. Izime na uichomoe waya. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kitie matone mawili ya alkoholi ya isopropili, kisha pitisha juu ya lenzi kwa mzunguko, bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye vijiwaya laini kuliko unywele. Pitisha kijiti kikavu. Subiri dakika tano. Usitumie mafuta ya taa, manukato, mate, wala spiriti ya rangi ya zambarau ya jiko. Rangi yake itabaki juu ya lenzi. Draivu kubwa ya kompyuta ya mezani lenzi yake iko ndani, mpelekee fundi. Na kamwe usiiwashe ikiwa imefunguliwa: leza ya CD haionekani kwa macho, lakini jicho inalifikia.

Imemaliza kuchoma, redio haisomi

Kama ni CD-R, ni ya muziki, na draivu haikulalamika, basi mara nyingi haikufungwa. Kompyuta huweza kuisoma CD isiyofungwa, deki haiwezi. Ifungue tena kwenye programu ya kuchomea na utafute chaguo la kuifunga. Mara nyingi inaokoka bila kuchomwa upya.

Kama ni CD ya MP3 na redio ina alama ya MP3, angalia kama uliongeza nyimbo kwa awamu mbili au tatu. Redio za zamani zinasoma awamu ya kwanza tu. Majina marefu yenye alama za ajabu nayo huzisumbua. Andika herufi na namba za kawaida.

Inacheza, kisha inaruka

Sasa turudi kwenye ile dakika ya mwisho. CD huandikwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko ukingoni. Igeuze chini ya tochi ya simu na utaona mpaka: sehemu iliyochomwa ina kivuli tofauti na isiyochomwa. Ukingo ndio unaoshikwa na vidole, ndio unaogusa meza, na huko ndiko draivu huwa imeshaongeza mwendo ikiwa umechagua kasi kubwa. Kwa hiyo nyimbo za mwanzo zikiwa safi na za mwisho zikikwaruza, punguza kasi na punguza dakika. Ndiyo sababu ya kuishia 75.

Zikikwaruza zote kuanzia ya kwanza, shuku lenzi, ukungu, au CD duni. Ikiruka sehemu ileile kila mara, tafuta mchubuko au alama ya kidole. Futa kwa kitambaa laini cha miwani, kwa mistari kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa mzunguko: mchubuko unaofuata njia ya leza unaifunika njia hiyo kwa urefu, na mashine haina cha kujazia pengo. Ule unaokata njia hiyo wima huvukwa kwa sekunde ndogo sana.

Mchubuko wa juu, upande wenye maandishi, ni hatari kuliko wa chini, tofauti na watu wanavyodhani. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Juu, nyimbo zimefunikwa na rangi nyembamba tu. Ukiona tundu la mwanga unapoielekeza CD kwenye dirisha, hapo hakuna tena wimbo.

Ikiruka sehemu tofauti kila mara, na garini tu, fanya kipimo hiki: paki, zima injini, icheze ileile. Ikicheza safi, kosa ni mtikisiko wa barabara na redio iliyochoka. CD ya kuchoma huwa ya kwanza kulalamika kwa sababu mwanga wake ni dhaifu kuliko ule wa CD ya kiwandani. Mwenye gari atasema, "Fundi, CD yako mbovu," huku ile ya dukani ikicheza. Mchomee nyingine kwa 16x kwenye CD-R ya jina jingine. Isipobadilika, redio yake inataka kusafishwa lenzi.

Kelele na sauti zisizolingana

Kama kuna tik kila wimbo unapoanza, au ukimya wa sekunde mbili katikati ya ibada iliyorekodiwa mfululizo, uliandika wimbo mmojammoja. Rudi kwenye mkupuo mmoja na uweke mapengo kuwa sifuri.

Wimbo mmoja ukinong'ona na mwingine ukipiga kelele, tumia Audacity kusawazisha ukubwa wa sauti kwa nyimbo zote kabla ya kuzitoa kama WAV. Kilele cha sauti kikiachwa hasi 1 dB panatosha. Rekodi ya simu iliyokwisha kupasuka, ile ambayo besi inakoroma, haiponi kwa kusawazisha. Inarekodiwa upya.

Kopi hamsini

Choma zote kutoka kwenye WAV zilizo kwenye kompyuta, si kopi kutoka kwenye kopi. Mkwaruzo wa CD ya kwanza utaurithisha kwa zote. Draivu ikipata moto makosa yanaongezeka, kwa hiyo kila baada ya CD tano iache itulie dakika kumi na trei ikiwa wazi. Katika kila kumi, jaribu moja kwenye redio tofauti na ile uliyozoea.

Andika jina kwa kalamu laini ya kuandikia CD, na kama una kalamu ya kawaida tu, andika kwenye duara la plastiki linalozunguka tundu. Kalamu ya biki inachimba. Stika ya karatasi usiweke kabisa: inavuruga mzunguko, na kwenye redio ya gari inayomeza CD, joto likiibandua kona, CD haitatoka bila kufungua dashibodi. Na mwambie mnunuzi asiiache juu ya dashibodi. Hewa ya Mbeya ni ya baridi, lakini jua linalopenya kioo cha mbele saa saba mchana linaipausha ile rangi ya ndani, na baada ya miezi kadhaa atarudi akisema umemuuzia CD tupu.